William Beaumont, Daktari wa Ngome Aliyefichua Siri za Tumbo

Askari hula asubuhi, hula mchana, hula jioni, na awapo safarini hula anapopata. Lakini ni nadra aketi na kujiuliza kile alichomeza hupatwa na nini baada ya kupita kooni. Hadi kiasi cha miaka mia mbili iliyopita hata mabingwa wa uganga katika vyuo vikuu vya Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo. Wako waliosema kwamba tumbo ni kinu, nalo hukitwanga chakula mpaka kikawa uji. Wengine walidai kwamba chakula huchacha humo kama pombe mtungini, na wengine kwamba joto la mwili hukipika kama nyama iliyo chunguni. Katika karne ya 18 Réaumur wa Ufaransa na Spallanzani wa Italia walionyesha, kwa kuwachunguza wanyama, kwamba tumboni yamo majimaji yenye nguvu ya kuyeyusha chakula. Spallanzani alithubutu hata kumeza yeye mwenyewe vifuko vya chakula. Ubishi haukwisha. Kilichokosekana ni mtu wa kulitazama tumbo la binadamu aliye hai likiwa kazini, na kulitazama kwa miaka. (Tusemapo tumbo katika habari hii twakusudia ule mfuko unaopokea chakula, wala si kiwiliwili chote chini ya kifua.)

Mtu aliyekuja kuifanya kazi hiyo hakuwa profesa. Alikuwa daktari wa jeshi katika ngome ya mpakani, asiyekuwa na shahada ya chuo chochote.

William Beaumont alizaliwa tarehe 21 Novemba 1785 katika kijiji cha Lebanon, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima aliyepata kupigana katika vita vya kuitoa nchi hiyo katika utawala wa Waingereza. Kijana huyo hakuipenda kazi ya shamba. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu aliondoka kwao akaelekea kaskazini, akawa mwalimu wa shule katika kijiji cha Champlain karibu na mpaka wa Kanada, na nyakati za usiku akawa anasoma vitabu vya uganga vya kuazima. Mwaka 1810 alijiweka chini ya Daktari Benjamin Chandler wa mji wa St. Albans, jimbo la Vermont, awe mwanagenzi wake.

Uanagenzi wa siku hizo haukuwa jambo la fahari. Mwanagenzi alikaa nyumbani mwa mkuu wake, akafagia, akatwanga dawa, akaosha vidonda, akashika taa wakati wa upasuaji, na akipewa nafasi alihudhuria kupasuliwa kwa maiti ili aone ugonjwa ulikuwa umekaa wapi. Jambo moja alilojifunza Beaumont katika miaka hiyo miwili lilimfaa maisha yake yote. Lilikuwa ni kuandika daftarini kila alichokiona, siku ileile, kabla kumbukumbu haijakipamba. Mwezi Juni 1812 chama cha madaktari wa Vermont kilimpa idhini ya kutibu. Mwezi huohuo Marekani ilitangaza vita dhidi ya Uingereza, naye akajiunga na Kikosi cha Sita cha askari wa miguu akiwa msaidizi wa daktari mpasuaji.

Mtihani wake wa kwanza mkubwa ulimkuta tarehe 27 Aprili 1813, Wamarekani walipouteka mji wa York, ambao leo waitwa Toronto. Waingereza walipokuwa wakirudi nyuma ghala yao ya baruti ililipuka, na mawe na magogo yakawanyeshea washambuliaji. Zaidi ya watu mia mbili walijeruhiwa au kuuawa kwa dakika chache. Beaumont alikesha akikata viungo vilivyopondeka, akifunga vidonda na kuziba mishipa. Ganzi ya kulaza mgonjwa ilikuwa haijavumbuliwa. Vita vilipokwisha alifungua kazi yake ya uraiani katika mji wa Plattsburgh, lakini jeshi lilikuwa limekwisha mwingia damuni. Mwishoni mwa mwaka 1819 alirudi kwenye utumishi, na mwaka 1820 akapelekwa Fort Mackinac.

Ngome hiyo ilijengwa juu ya kisiwa, mahali ambapo maziwa makuu mawili ya Huron na Michigan yanakutana. Wakati wa kipupwe maji yaliganda kuwa barafu, meli zikakoma, na barua zikawa za nadra. Wakati wa kiangazi hali iligeuka kabisa. Wawindaji na wapiga makasia wa Kampuni ya Manyoya ya Marekani walimiminika kisiwani kwa mamia, wakileta ngozi za wanyama kutoka bara ili ziuzwe. Wote hao, pamoja na askari, maafisa na jamaa zao, walikuwa na daktari mmoja tu.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 1822, ndani ya duka la kampuni hiyo, bunduki ya marisau ilifyatuka kwa bahati mbaya. Risasi zake zilimpata kijana aliyesimama umbali usiotimia hatua moja, jina lake Alexis St. Martin, Mkanada wa asili ya Kifaransa aliyekuwa mpiga makasia wa mitumbwi ya kampuni. Alipigwa ubavuni kushoto, chini ya titi. Shati lilishika moto na mbavu zikavunjika. Beaumont alipofika baada ya nusu saa hivi alikuta kipande cha pafu kimechomoza nje, na chini yake sehemu ya tumbo imetoboka tundu la kuweza kupitisha kidole, na chakula cha asubuhi kikimwagika. Alisafisha jeraha, akarudisha ndani kilichoweza kurudi, kisha akawaambia waliokuwapo kwamba mtu huyo hangemaliza saa 36.

Alikosea. Kijana alikuwa na mwili wa chuma. Kila chakula alichokula siku zile za mwanzo kilitoka tundunı, kwa hiyo daktari alimlisha kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa, akisubiri. Baada ya siku kumi na saba chakula kilianza kukaa. Kwa miezi mingi Beaumont alitoa jerahani marisau, vipande vya nguo na vya mifupa, akafunga na kufungua bendeji kila siku. Baada ya miezi kumi wakuu wa mji walikataa kuendelea kumlipia maskini huyo gharama, wakaazimu kumpakia katika chombo na kumrejesha kwao Kanada, safari ya zaidi ya maili elfu moja, ambayo bila shaka ingemwua. Daktari alimchukua nyumbani kwake, akamlisha na kumvika kwa fedha zake, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo na alikuwa na mke na mtoto.

Kidonda kilipona, tundu halikuziba. Ukingo wa tumbo ulishikana na ukingo wa ngozi, ikabaki njia wazi kutoka nje mpaka ndani ya tumbo. Baadaye utando wa ndani ulijikunja ukawa kama kifuniko cha kuzuia chakula kisitoke, lakini ulisukumika kwa kidole. Beaumont alimwomba mara kadhaa akubali kushonwa, naye St. Martin akakataa. Polepole daktari akatambua ni kitu gani Mungu au ajali ilikuwa imemletea mlangoni.

Alimwandikia mkuu wake, Joseph Lovell, Mganga Mkuu wa Jeshi. Inafaa kumtaja Lovell, kwani kama si yeye pengine tusingekuwa na habari ya kusimulia. Mkuu wa namna nyingine angemjibu mdogo wake kwamba ashughulike na kuhara kwa askari na aache udadisi. Lovell alimtia moyo, akamshauri asome nini, na taarifa ya kwanza akaipeleka kwa jarida la uganga la Philadelphia. Ilipochapishwa mwanzoni mwa mwaka 1825 jina lililowekwa juu yake lilikuwa la Lovell, si la Beaumont. Kosa hilo lilisahihishwa baadaye, na wawili hao hawakugombana.

Majaribio yalianza mwezi Mei 1825, na mwezi uliofuata Beaumont alihamishiwa Fort Niagara, akaenda na mtu wake. Tarehe 1 Agosti, saa sita mchana, alifunga vipande vidogo vya chakula katika uzi wa hariri: nyama ya ng'ombe iliyoungwa viungo vingi, nyama mbichi ya chumvi, mafuta mabichi ya nguruwe, nyama ya chumvi iliyochemshwa, mkate uliolala na kabichi mbichi. Aliviteremsha tundunı, akamwacha St. Martin aendelee na kazi zake za nyumbani. Baada ya saa moja alivuta uzi. Kabichi na mkate vilikuwa vimeyeyuka nusu, nyama zilikuwa kama zilivyoingia. Saa ya pili ilipotimia kabichi, mkate, mafuta ya nguruwe na nyama iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka kabisa uzini, bali vile viwili vingine vilikuwa havijaguswa sana. Kisha St. Martin akashikwa na maumivu ya tumbo na kichwa, na jaribio likasimamishwa.

Jaribio la siku sita baadaye ndilo lililovunja hoja za kinu na mtungi wa pombe. St. Martin alifungishwa saa 17 bila kula. Daktari aliingiza kipimajoto tumboni kikaonyesha digrii 100 za Fahrenheit, yaani karibu 38 za Selsiasi. Alitoa kiasi kidogo cha maji ya tumbo, akayatia katika chupa pamoja na kipande cha nyama kinacholingana na kidole cha mwisho, akaiweka chupa katika maji yenye joto hilohilo. Kipande kingine kama hicho alikining'iniza tumboni kwa uzi. Cha tumboni kiliyeyuka katika muda wa saa mbili hivi. Cha chupani kilichukua saa kumi, lakini nacho kiliyeyuka chote. Chupa haina misuli ya kutwanga, wala haina uhai. Basi kazi hiyo ilifanywa na maji yenyewe, kwa nguvu ya kikemia.

Majuma machache baadaye daktari akiwa likizoni, St. Martin alitoroka akarudi Kanada. Hakuaga.

Hapa yatubidi tumtazame mtu huyo wa pili, maana waandishi wengi wamemsahau. Alikuwa kijana asiyejua kusoma wala kuandika, aliyepoteza kazi yake ya makasia kwa ajali isiyokuwa kosa lake. Alikuwa ameokolewa na daktari, ni kweli, na alilijua deni hilo. Lakini sasa alikuwa mtumishi wa nyumbani, mpasua kuni na mbeba maji, ambaye wakati wowote aliitwa alale chini atiwe mirija, afungishwe, alishwe kwa amri, na avutwe uzi tumboni. Alipata kizunguzungu na maumivu. Kwao alioa, akazaa watoto, akarudia kazi ngumu. Beaumont alimtafuta kwa miaka minne kupitia mawakala wa kampuni ya manyoya, na mwaka 1829 akampata, akamleta pamoja na mke na watoto mpaka Fort Crawford, kando ya mto Mississippi, kwa gharama yake mwenyewe. Hapo alifanya majaribio mengine hadi mwaka 1831, ndipo familia hiyo ikarudi Kanada kwa mtumbwi, ikipitia mito na maziwa.

Alipokubali tena kurudi, Oktoba 1832, palifanywa mkataba ulioandikwa. St. Martin angelipwa dola 150 kwa mwaka mmoja, pamoja na chakula na malazi, naye angetii na kukubali majaribio yote ya daktari. Alitia alama ya msalaba badala ya sahihi. Kisha wakaenda Washington, ambako Lovell alitaka Beaumont awe karibu na maktaba na wataalamu. Ili kupunguza mzigo wa fedha, St. Martin aliandikishwa jeshini akapewa cheo cha sajini katika kikosi cha matarishi wa Wizara ya Vita, kwa mshahara wa dola 12 kwa mwezi na posho ya nguo na chakula. Sidhani kama katika historia ya majeshi amepata kuwapo sajini mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kuwa na tundu tumboni.

Leo daktari anayetaka kumfanyia mtu utafiti hulazimika kumweleza hatari zake, na mtu huyo ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kuadhibiwa. Sheria za namna hiyo hazikuwako wakati wa Beaumont, na ukweli kwamba aliandikisha mkataba wenyewe ulikuwa hatua kuliko desturi ya siku zake. Hata hivyo mkataba kati ya afisa na fukara aliye mlaji wake si mkataba wa watu walio sawa. Kutoroka kwa St. Martin kulikuwa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kusema hapana.

Majimaji yaliyotolewa yalipelekwa kwa wataalamu wa kemia, Silliman wa chuo cha Yale na Dunglison wa Virginia, nao wakathibitisha kwamba asidi iliyomo ni haidrokloriki. Beaumont mwenyewe aliona kwamba asidi peke yake haiyeyushi nyama kama maji kamili ya tumbo, akatambua kwamba lazima pana kitu kingine humo. Mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann alikigundua, akakiita pepsini.

Kitabu chake kilitoka Plattsburgh mwaka 1833, kikiwa na zaidi ya majaribio 200 na hitimisho 51. Humo liko jedwali lililotembea dunia nzima. Wali uliochemshwa uliondoka tumboni baada ya saa moja. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma baada ya saa tatu. Yai lililochemshwa likawa gumu baada ya saa tatu na nusu. Nyama ya nguruwe ya kuchoma baada ya saa tano na robo. Aliona kwamba maji ya tumbo hayakai tayari kama maji ya pipa, bali hutoka chakula kinapoingia, na kwamba chakula kilichotafunwa vizuri huyeyuka upesi kuliko mapande. Aliona kwamba St. Martin akikasirika, na alikuwa mwepesi wa hasira, kazi ya tumbo ilivurugika na nyongo ikapanda humo.

Lakini ukurasa ambao ningependa kila askari ausome ni ule wa pombe. St. Martin alipenda ulevi. Baada ya siku kadhaa za kunywa pombe kali, daktari alichungulia tundunı akakuta utando wa tumbo, ambao kwa kawaida ni wa rangi ya waridi iliyofifia, umewiva wekundu, una mabaka yenye vidonda vinavyotoa damu, na maji yake yamechafuka. Akamwuliza ajisikiaje. Mtu huyo hakuwa na malalamiko ya maana; alikula na kufanya kazi kama siku zote. Alipoacha kunywa, baada ya siku chache utando ulirudi katika hali yake. Beaumont akaandika kwamba tumbo laweza kuugua vibaya pasipo mwenyewe kuwa na habari. Baadaye madaktari wamelikuta jambo hilohilo katika viungo ambavyo yeye hakuweza kuvichungulia. Ini la mlevi hukakamaa kwa miaka mingi bila kuuma, na mara nyingi mwenyewe hugutuka tumbo likiwa limekwisha jaa maji au macho yamegeuka manjano. Kongosho nalo hukaa kimya, mpaka siku linapowaka kwa maumivu yanayomkunja mtu.

Si yote aliyoandika yaliyosimama. Mate aliyadharau, akidhani kazi yake ni kulainisha tonge tu, kumbe huanza kuyeyusha wanga mdomoni. Alidhani tumbo hubeba karibu mzigo wote wa kazi. Katika miaka ya 1840 Claude Bernard wa Paris alionyesha kwamba kongosho ndilo lenye sehemu kubwa, hasa katika kuyeyusha mafuta likisaidiwa na nyongo ya ini. Juu ya nyongo na mafuta Beaumont alikuwa amekwisha dokeza. Kuhusu vidonda vya tumbo ilipasa kungoja mpaka miaka ya 1980, wakati Waaustralia wawili, Marshall na Warren, walipoonyesha kwamba vingi vyake husababishwa na bakteria, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Na kile alichokifanya kwa tundu la ajali, hospitali za leo hukifanya kwa mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Mwaka 1834 St. Martin alikwenda kuwaona jamaa zake Kanada, na daktari hakumtia machoni tena. Beaumont aliandika barua baada ya barua, akipandisha ahadi za malipo, St. Martin alijibu kwa mkono wa watu wengine kwamba hatakuja pasipo mke na watoto. Bunge la Marekani lilikataa kumrudishia daktari fedha alizotumia. Lovell alifariki mwaka 1836, na mkuu mpya hakuwa na subira na mambo hayo. Beaumont aliacha jeshi akabaki kutibu raia mjini St. Louis, akiwa na wagonjwa wengi na heshima nyingi. Mwezi Machi 1853 aliteleza kwenye ngazi zenye barafu akitoka kumtazama mgonjwa, akaumia kichwa, na tarehe 25 Aprili akafariki akiwa na umri wa miaka 67.

St. Martin, ambaye alikadiriwa hangemaliza saa 36, aliishi miaka 27 baada ya daktari wake. Mwaka 1856 mtu mmoja aliyejiita daktari alimzungusha mijini akimwonyesha kwa watu. Baada ya hapo alirudi kijijini, akakata kuni na kulea watoto katika umaskini. Alipofariki tarehe 24 Juni 1880, daktari mashuhuri William Osler alitaka tumbo lake lihifadhiwe katika jumba la makumbusho la uganga wa jeshi huko Washington. Jamaa zake walikataa. Waliuacha mwili nyumbani siku za joto mpaka ukaharibika usimfae mpasuaji yeyote, kisha wakauzika futi nane chini ya ardhi kando ya kanisa la Saint-Thomas, karibu na Joliette, jimbo la Quebec. Mwaka 1962 wataalamu wa Kanada wa elimu ya kazi za mwili waliweka kibao ukutani mwa kanisa hilo, chenye jina la Alexis St. Martin.